Kabla ya kununua kalibre 12: maneno ya sendika kwa mwenye kupokea dekonti

Kila mara wafanyakazi wanapolipwa dekonti finali, ku biro ya sendika wanakuja wandugu wenye kuuliza maulizo. Mumoja anauliza juu ya shamba, mwingine juu ya pikipiki, mwingine juu ya mashini ya kusaga bukari. Na wako wale wanaongojea wenzao watoke, wanafunga mulango, wanasema polepole: «Kamarade, bunduki ya kalibre 12, mutu anaipata namna gani?»

Hatuwachekelee. Ni ulizo la mutu mukubwa, na linaomba jibu la mutu mukubwa. Lakini hatujibu mbele ya kuuliza sisi vilevile: «Unaitafuta juu ya nini?» Maana kuna majibu mbili. Kuna ndugu anayerudia mu kijiji, ku Mitwaba, ku Kasenga, ku Pweto, kule baba na babu yake walikuwa wawindaji. Na kuna ndugu anayebaki mu muji na anaogopa wezi wa usiku. Bunduki ni moja, lakini mambo si moja.

Kama ni juu ya wezi

Kwa huyu wa pili tunasema wazi: usinunue. Tunajua woga yako. Sisi wote tunakaa mu kartie zile zile, tunasikia masasi usiku, tunajua namna wezi wanavyohesabia siku za mushahara kuliko sisi wenyewe. Lakini angalia vile inapitaka. Wezi wanakuja saa nane ya usiku, wako watano ao sita, na mara mingi wako na bunduki ya vita. Wewe uko mu usingizi, mu giza, watoto wako wamelala chini mu salon. Kalibre 12 yako, kama unaitunza vizuri, iko mu sanduku yenye kufungwa na masasi iko pahali pengine. Mpaka uifungue, mambo imekwisha. Na kama hauitunze vizuri, kama iko chini ya kitanda na masasi ndani, basi siku yoyote mutoto ataikuta mbele ya mwizi.

Tena bunduki yenyewe inaita wezi. Jirani akijua, kartie nzima inajua. Mutu ambaye hangekuja kwako juu ya televizyo atakuja juu ya bunduki.

Na kuna jambo lingine watu hawapendi kusema: mu nyumba munakuwa kasirani, munakuwa lutuku, munakuwa siku za huzuni kisha kupoteza kazi. Mahali pasipo bunduki, kasirani inaisha na kelele. Pahali yenye bunduki, inaweza kuisha ku hospitali ao ku makaburi.

Franka ya ile bunduki, weka ku mulango ya chuma, ku taa ya inje, ku mbwa. Omba mushahara ipitie ku banki. Na sisi ku sendika tuendelee kudai motokari ya kurudisha wafanyakazi wa posti ya usiku mpaka karibu na nyumba. Ile njo sekirite yenye kusaidia watu mingi kwa mara moja.

Kama ni kuwinda: karatasi kwanza

Sasa tuseme na mwindaji. Kwetu Katanga kuwinda ni kazi ya heshima. Waluba wako na buyanga, chama cha wawindaji chenye sheria zake. Hatuwezi kusema mutu wa kijiji asiwinde. Tunasema aingie mu hii kazi na mulango wa mbele.

Sheria mbili zinatosha kwa kuanza. Ya kwanza ni ile ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985, ordonansi-lwa namba 85-035, juu ya silaha na masasi. Ya pili ni ile ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982, namba 82-002, juu ya kuwinda. Ya kwanza inaangalia bunduki, ya pili inaangalia nyama. Mingi wanakosea hapa: wanazani permi ya bunduki inatosha kwa kuwinda, ao permi ya kuwinda inatosha kwa kushika bunduki. Apana. Ni karatasi mbili.

Ruhusa inatangulia, bunduki inafuata. Usilipe hata franka moja ya kwanza mbele ya kujua kama ruhusa itatoka. Permi iko na jina la mutu, haipite toka mukono moja mpaka mwingine kama jembe. Ndugu yako akikufa na bunduki mu nyumba, usiibebe kimya kimya: peleka habari ku wenye mamlaka, uulize namna ya kufanya. Na bunduki ya vita, ile ya waaskari, haiko kitu cha rahia kununua, hata muuzaji aseme bei ni kidogo namna gani. Bei ikiwa kidogo, uliza damu ya nani iko juu yake.

Ku upande wa kuwinda, kumbuka kuna misimu yenye kufungwa, kuna nyama zenye kukatazwa, na kuna mapori yenye kukatazwa. Upemba ni park tangu 1939, Kundelungu tangu 1970. Ndani ya park hakuna kuwinda, hata kama babu yako aliwinda pale.

Kuangalia bunduki ya okazyo

Kalibre 12 mingi zenye kuuzwa kwetu ni za zamani, zingine zilikuja wakati wa Wabelgiji. Uzee peke yake si ubaya. Lakini mufanyakazi wa mugodi hapokee kamba wala kofia bila kuiangalia. Na bunduki iko vile vile.

Kwanza, hakikisha wewe mwenyewe kama iko bule, hata muuzaji akikuapia. Fungua, angalia, tia kidole.

Pili, toa mutututu, ile tunaita kano, uuelekeze ku mwangaza, uangalie ndani. Mwangaza upite laini. Ukiona kivuli chenye kuzunguka kama pete, pale chuma ilivimba siku moja, na pale njo itapasuka siku ingine. Mashimo madogo ya kutu karibu na pahali pa kartushi ni mabaya kuliko yale ya ku mwisho, maana pale njo nguvu inakuwa kubwa.

Tatu, funga bunduki bila kartushi, shika kitako, tikisa. Ikilia «keke-keke» pale chuma mbili zinapokutana, imechoka. Kama iko na mitutu miwili, itundike ku kidole, gonga polepole na kijiti: ikilia kama kengele, kulehemu kunashika; ikilia kama mukebe wenye kupasuka, acha.

Ine, soma alama. Bunduki za Ubelgiji zilipimwa Liège, pahali ambapo banki ya kupima bunduki iko tangu 1672. Wanapiga kartushi yenye nguvu kupita kawaida, na mutututu ukishinda wanautia alama: herufi ELG ndani ya duara lenye kurefuka. Tafuta tena simba na herufi PV. Ile maana yake bunduki ilipimwa na poda ya kisasa isiyokuwa na moshi mingi. Bunduki ya zamani isiyokuwa na ile alama pengine ilipimwa paka kwa baruti nyeusi, na kartushi ya leo inaweza kuiua, pamoja na wewe. Na namba ya serie: kama iliparuzwa na tupa, rudisha bunduki, rudia kwako.

Kartushi si zote sawa

Neno «kalibre 12» lilitoka zamani: plombo ya livre moja ya Kiingereza, karibu grama 454, ukiigawanya mu vipande 12 vya mviringo, kipande kimoja njo upana wa mutututu, karibu milimetre 18 na nusu. Lakini upana si kila kitu. Kuna urefu. Bunduki za zamani mingi ziko na chumba cha milimetre 65. Kartushi za leo mingi ni za 70, zingine 76.

Mutego uko hapa: kartushi ya 70 inaingia vizuri mu chumba cha 65, na bunduki inafunga. Sababu ile 70 ni urefu wa kartushi yenye kwisha kupigwa, kisha mudomo wake kufunguka. Wakati wa kupiga, mudomo unakosa nafasi ya kufunguka, unaziba njia, nguvu inapanda. Njo maana mwindaji mingine anasema «mbona iliingia vizuri?» na mukono umekwisha kuenda. Soma ku mutututu, soma ku boksi ya kartushi. Zisipopatana, usipige.

Pupu

Sasa tufike ku ile bunduki ya kutengeneza ku kijiji, tunayoita pupu. Historia yake ni ndefu. Wakati wa Msiri, ku Bunkeya, shaba na pembe za ndovu zilienda ku mangaribi na ku mashariki, na bunduki na baruti vilirudia. Msiri mwenyewe aliuawa na bunduki ya watu wa Leopold, tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891. Tangu pale wafundi wa kwetu walijifunza kutengeneza bunduki zilizovunjika, kisha kuunda zao. Tunaheshimu akili ya wale wafundi. Lakini kuna vijana waliofanya kazi mu garage ao mu ateliye ya mugodi, wanajua kulehemu, na wanazani wanaweza kujitengenezea. Kwao tunaongea lugha ya mugodi.

Kompresa yetu kule chini inatoa hewa ya bar 7. Munajua namna mupira wa hewa ukikatika unavyopiga mutu na kumwangusha. Kartushi ya kalibre 12 ya kawaida inaruhusiwa kufika bar 740. Ni zaidi ya mara 100. Ile tiyo unayookota iliundwa kwa kupitisha maji. Hakuna Liège iliyoipima. Mutu wa kwanza kuipima ni uso wako. Na inaweza kupiga mara kumi vizuri, kila mara ikipasuka kidogo ndani, pasipo kuonekana, mpaka mara ya kumi na moja.

Jambo lingine, na hapa hatuombe, tunakataza: baruti ya mugodi haina kazi mu bunduki. Ile ya bunduki inaungua, inasukuma. Ile ya mugodi inapasua jiwe, mwendo wake ni maelfu ya metre kwa segonde moja. Hakuna chuma ya mukono inayoishinda. Na mwenye kuitoa ku mugodi anaweka wenzake wote ku mashaka, wa chini na wa juu. Sendika haitamutetea.

Kutunza, kila siku

Mwenye bunduki ya haki, yenye karatasi, aitunze kama chombo cha kazi. Kisha kupiga, safisha siku ile ile, si kesho. Baruti nyeusi inaacha uchafu wenye kunywa maji ya hewa. Mu miezi yetu ya mvua, toka mwezi wa 11 mpaka wa 4, usiku mumoja unatosha kwa kuleta kutu. Uchafu wa baruti nyeusi unatoka na maji ya moto, kisha kausha vizuri, kisha mafuta kidogo sana. Mafuta mingi inashika vumbi, na vumbi ya Katanga munaijua. Usiiache mu mufuko wa ngozi ao wa kitambaa, unashika unyevu.

Mbele ya kutia kartushi, angalia tena ndani ya mutututu. Nyigu wa udongo wanapenda kujenga mule. Udongo kidogo, jani, ao kitambaa ulichosahau, vinatosha kupasua chuma nzuri. Ukivuta gasheti na isilie, usiifungue mbio na usiiangalie ku mudomo: ielekeze pasipo mutu, hesabu mpaka 60, kisha fungua.

Jua nini iko nyuma ya nyama. Chembe ndogo zinaweza kupita metre 200. Risasi moja nzima inaweza kupita kilometre moja. Mu pori la leo kuna wanawake wanaokata makala, kuna wachimbaji, kuna watoto wanaotafuta uyoga. Usipige kelele ya majani. Piga paka kile macho yanaona.

Ku nyumba: bunduki bule, mu sanduku ya chuma yenye kadena, masasi mu sanduku ingine yenye kadena ingine, funguo ku mwili wako. Na siku ya lutuku, hakuna bunduki.

Neno la mwisho ni la sendika. Bunduki ya kuwinda isionekane ku greve, hata siku moja, hata kwa kutisha. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Élisabethville walisimamisha kazi kwa kuomba mushahara. Tarehe 9 waaskari waliwapiga masasi ku kiwanja cha mupira. Léonard Mpoyi, musemaji wao, alianguka, na wengine pamoja naye. Walikuwa mikono mitupu, na ile mikono mitupu njo inafanya mpaka leo hakuna mutu anayeweza kusema walistahili. Mufanyakazi mumoja akileta kalibre 12 ku mulango wa kampuni, wenzake wote wanapoteza haki yao.

Wandugu wenye kuwinda, kama dosie yenu inakwama, ao muko na karatasi musiyoelewa, mulete ku delege wa sendika mbele ya kulipa mutu yeyote. Kusoma karatasi pamoja hakuna bei.