Moshi Kabla ya Ndevu

Kigwena, upande wa Rumonge nchini Burundi, penye msitu wa hifadhi na mashamba ya michikichi yanayoukaribia mwambao wa Ziwa Tanganyika, mtoto wa shule huikuta tumbaku katika milango miwili. Wa kwanza ni wa nyumbani, kwa wazee wavutao ugoro puani, na jambo lifanywalo na mzee aheshimiwaye haliingii akilini mwa mtoto kuwa ni la madhara. Wa pili ni wa vibanda vya njiani na vya mialoni, ambako, kama ilivyo mahali pengi pa Afrika ya Mashariki, sigara huuzwa moja moja kwa yeyote aliye na faranga chache.

Mtoto huyo akiulizwa kama tumbaku ina hatari, huenda akajibu upesi, tena kwa usahihi, kwamba huleta saratani ya mapafu. Lakini ilimu hiyo, ijapokuwa ni haki, haimzuii, kwani saratani aghalabu huja baada ya miaka mingi, na kijana wa miaka 13 huuona uzee kuwa ni habari ya watu wengine. Lililo aula kumfundisha ni hatari iliyo karibu naye, ambayo haingoji mvi: nayo ni utumwa wa nikotini.

Nikotini, ambayo wataalamu wawili wa Heidelberg, Posselt na Reimann, waliitenga kutoka katika tumbaku mwaka 1828, ikivutwa pamoja na moshi hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko huzishika sehemu za chembe za fahamu ambazo kwa maumbile yake zilikusudiwa kupokea ujumbe wa mwili wenyewe, na kwa kuzishika huitoa kemikali iitwayo dopamini, iletayo raha. Ubongo, ukizoea mgeni huyu, huzidisha idadi ya sehemu hizo za kumpokea. Na nikotini, ambayo nusu yake huondoka katika damu kwa kadiri ya saa mbili, ikipungua, sehemu hizo hubaki zikidai, na mwenyewe hushikwa na wasiwasi, hasira na kutotulia, asiweze kukaza fikira katika somo. Hapo huvuta tena na kudhani kwamba sigara imemtuliza, ilhali imeondoa tu dhiki iliyoileta yenyewe. Na kwa kuwa ubongo wa mwanadamu huendelea kujengeka hadi yapata miaka 25, mazoea yanayoingia utotoni huingia katika jengo ambalo bado halijakamilika.

Wala isidhaniwe kwamba utumwa huu huhitaji miaka. Tabibu Joseph DiFranza na wenzake, waliowafuatilia wanafunzi 681 wa miaka 12 na 13 huko Massachusetts, Marekani, walitangaza mwaka 2000 kwamba miongoni mwa walioanza kuvuta mara chache, wengi walikwisha kuonyesha dalili za uraibu, na kwa baadhi yao dalili zilitokea katika majuma manne ya mwanzo, kabla hawajawa wavutaji wa kila siku.

Madhara mengine nayo hayakawii. Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni kadiri ya mara 200, hata mchezaji mpira akakosa pumzi uwanjani. Na mapafu ya kijana avutaye hayakui kama ya mwenziwe. Ugoro nao, usio na moshi, hauna usalama: nikotini hupenya katika utando wa pua, na tumbaku hiyo ina nitrosamini, ambazo ni katika visababishi vya saratani.

Jambo hili si la kijiji kimoja. Uchunguzi wa kimataifa wa tumbaku kwa vijana, uwaulizao wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, ulifanywa Burundi mwaka 2008. Na nchini Kenya, mwaka 2013, ulikuta kwamba karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitumia tumbaku ya namna fulani. Burundi iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku mwaka 2005, na kifungu cha 16 cha mkataba huo kinataka watoto wasiuziwe tumbaku, na mataifa yajitahidi kuzuia sigara zisiuzwe moja moja, maana bei ya sigara moja ndiyo iwezayo kulipwa na mtoto.

Basi mwalimu asitosheke na wanafunzi kukariri majina ya maradhi, bali awaeleze jinsi nikotini itendavyo kazi. Mzazi asimtume mtoto dukani kumnunulia ugoro wala sigara. Na mwenye kibanda akatae faranga za mtoto, kwani faida yake ni ya siku moja, na hasara ya mtoto huyo yaweza kuwa ya umri mzima.