Fenton: Vioo vya Fahari kwa Nyumba za Kawaida

Msomaji, huenda kwenu kuna kabati ambalo mama halifungui ila wageni wakija. Mna bilauri na mabakuli ya kioo humo, na mtoto akiyagusa huona cha mtema kuni. Huko Marekani, kwa zaidi ya miaka 100, makabati ya namna hiyo yalijazwa na kampuni ya Fenton.

Ndugu wawili, Frank na John Fenton, walianza mwaka 1905 mjini Martins Ferry, Ohio, bila hata tanuri. Walinunua vyombo vitupu kwa wengine na kuvitia nakshi. Wenye viwanda walipoona vijana hawa wamekuwa washindani, wakakataa kuwauzia. Basi wakajenga kiwanda chao Williamstown, West Virginia, kando ya Mto Ohio, eneo lenye gesi ya kuchochea matanuri. Kioo cha kwanza kilitoka Januari 1907.

Siku hizo matajiri walinunua kwa bei ya kuruka vioo vya Louis Comfort Tiffany, vyenye rangi za upinde wa mvua. Kabla mwaka haujaisha, akina Fenton walipata njia yao. Walishindilia kioo katika kalibu ya chuma, na kingali moto wakakinyunyizia chumvi za madini. Utando mwembamba uliobaki juu yake ulicheza na mwanga, na bakuli la bei nafuu likameremeta kama shingo ya njiwa. Mke wa kibarua naye akawa na cha kuonyesha wageni!

Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, madoido yaliwekwa kando. Kiwanda kiliponea kwa mabakuli ya kukorogea unga na vikamulio vya machungwa, ambavyo kwa maoni yangu vina uzuri wao. Frank alifariki mwaka 1948, wanawe wakashika usukani. Mwaka 1952 wakatoa vyombo vyeupe kama maziwa, vyenye vijinundu, vikauzwa kuliko vyote.

Mwaka 2007 kampuni ilitangaza kwamba itafunga kwa uhaba wa fedha. Wapenzi wake wakamimina maagizo, ikapumua kidogo. Julai 2011 uzalishaji ulisimama. Majengo yamebomolewa, na shule ya msingi ikajengwa pale.

Ukikutana na chombo chao, kipindue. Tangu miaka ya 1970 jina Fenton huonekana chini, ndani ya umbo la yai. Vile vya mwanzo havina alama.