Nusu punje ya mchele kutoka kilo 600 za sifongo

Ukitaja sponji, wengi wetu tunafikiria godoro, au kile cha kuoshea vyombo. Sifongo wa baharini ni mnyama. Hana mdomo, hana miguu, hana hata moyo. Amejibandika mwambani, maji yanamwingia kwa vitundu vidogo na kutokea kwa tundu kubwa, na chakula chake ni kile anachokichuja humo. Kina mama wa Jambiani, Unguja, humfuga kwenye kamba baharini na kumuuza kwa watalii wanaotaka kitu cha kuogea.

Kiumbe asiyeweza kukimbia wala kuuma hubakiwa na sumu. Nyingine anaitengeneza mwenyewe, nyingine anatengenezewa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Sumu hizo ndizo wanakemia wanazozifuata.

Katikati ya miaka ya 1980, Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura wa Japani walipata kilo 600 za Halichondria okadai, sifongo wa miamba ya pwani ya nchi yao. Baada ya kuchuja na kuchuja tena, wakabaki na miligramu 12.5 za kemikali waliyoiita halikondrini B. Punje moja ya mchele inakaribia mara mbili ya uzito huo. Lakini kiasi kiduchu mno cha kitu hicho kilitosha kuzizuia seli za saratani zisiongezeke.

Nimejaribu kupiga hesabu. Dawa iliyozaliwa kutokana na kemikali hiyo leo hutolewa miligramu 1.4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara mbili katika kila mzunguko wa siku 21. Kwa dozi hiyo, mgonjwa wa umbo la kawaida angezimaliza zile 12.5 kabla ya mzunguko wa tatu kwisha. Mgonjwa mmoja, kilo 600! Bahari ingefagiwa.

Mwaka 1992 Yoshito Kishi, Mjapani aliyekuwa akifundisha Harvard, alifaulu na wenzake kuijenga halikondrini B maabarani bila sifongo hata mmoja. Molekuli yenyewe ni kubwa ya kutisha. Ila vipande vyake vilipopimwa, ikaonekana kwamba nguvu imelala upande wa kulia. Upande wa pili ulikuwa kama mkia tu. Kampuni ya Eisai ikaukata mkia, ikarekebisha kilichobaki, ikapata eribulini. Hata hivyo kuitengeneza ni safari ya hatua zaidi ya 60. Marekani iliipa kibali Novemba 2010.

Inafanyaje kazi? Seli ikitaka kujigawa, hupanga kromosomu zake katikati, kisha mirija myembamba ya protini huzivuta, nusu huku na nusu kule. Mirija hiyo haitulii: inaongezwa nchani matofali ya tubulini, ile protini yake, inabomoka, inaongezwa tena, kama mtu anayepapasa gizani. Eribulini huja kukaa kwenye ile ncha ya kujengea. Tofali jipya linakosa pa kushika. Kubomoka kunaendelea, kujenga kumesimama. Seli inakwama katikati ya kazi, na ikikwama sana hujiua.

Shida ni kwamba neva nazo zina mirija hiyohiyo, ambayo huitumia kupitishia mizigo hadi kwenye ncha za vidole. Ndiyo maana wagonjwa hupata ganzi mikononi na miguuni. Chembe nyeupe za damu nazo hushuka, na homa ya mgonjwa wa namna hiyo si ya kusubiri kesho. (Anayetaka kuchemsha sifongo nyumbani anywe, aisome aya hii mara mbili.)

Jaribio lililoipatia eribulini kibali liliwahusisha wanawake 762 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokwisha kutibiwa kwa dawa kadhaa. Kati ya waliopewa tiba nyingine aliyoichagua daktari, nusu waliishi kupita miezi 10.6, kwa waliopewa eribulini, nusu walipita 13.1. Haikuwaponya. Lakini kabla ya hapo, hakuna dawa ya kemo iliyotolewa peke yake iliyokuwa imeonyesha kurefusha maisha ya wanawake waliofika hatua hiyo.