Tanini za Mimea Katika Vitambaa: Mambo ya Kujua Kabla Kikundi Hakijaomba Mkopo

Kabla ya nyavu za nailoni kuenea, wavuvi wa pwani walichemsha magome ya mkoko na mkandaa, wakatumbukiza nyavu zao za pamba katika maji hayo mekundu, kisha wakazianika. Nyavu zilizotiwa dawa hiyo zilichelewa kuoza. Kitu kilichofanya kazi hiyo huitwa tanini, nacho ni miongoni mwa vitu vya mimea ambavyo wataalamu huviita antioksidanti, yaani vizuizi vya uharibifu uletwao na oksijeni.

Vikundi vya batiki vinavyotaka kupunguza matumizi ya kostiki soda na haidrosi, kemikali zinazounguza ngozi na kuwasha macho, huvutiwa na rangi za mimea. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, mteja akiahidiwa kitambaa kisichopauka, kisha kikapauka kabla ya sikukuu ya pili, kikundi hupoteza soko huku mkopo ukiwa bado unadaiwa. Ndiyo maana inafaa kueleweka tanini inaweza nini na haiwezi nini.

Rangi hupauka kwa sababu mwanga wa jua, hasa mionzi ya urujuanimno, huzipa chembe za rangi nguvu ya kuvunjika, na oksijeni ya hewani hukamilisha kazi. Antioksidanti huzuia hali hiyo kwa kujitoa mhanga: huharibiwa yenyewe kwanza ili jirani yake asalimike. Tanini huongeza faida nyingine, kwa kuwa hufyonza sehemu ya mionzi hiyo kabla haijaufikia uzi. Lakini kilichojitoa mhanga huisha. Ushahidi ulio karibu ni manjano ya jikoni. Ni antioksidanti yenye sifa kubwa, nayo hutoa rangi ya kupendeza, ila kitambaa chake kikiachwa juani hupauka upesi kuliko vingi. Kwa hiyo neno antioksidanti likiandikwa kwenye lebo si dhamana ya kudumu kwa rangi.

Thamani kubwa ya tanini kwa fundi wa pamba iko kwingine. Sufu hushikana na shabu kwa urahisi. Pamba haishikani nayo vizuri. (Shabu inayosemwa hapa ni yale mawe meupe yanayotumika kutuliza matope katika maji.) Tanini hung'ang'ania uzi wa pamba, shabu nayo hung'ang'ania tanini, na rangi hupata mahali pa kukaa. Kitambaa kwanza huchemshwa kwa sabuni na magadi soda ili kuondoa mafuta na wanga wa kiwandani. Baada ya kusuuzwa hulazwa usiku kucha katika maji ya moto ya tanini, kisha hutiwa katika maji ya shabu, takriban gramu 150 kwa kila kilo moja ya kitambaa kikavu. Rangi huja mwisho. Anayeruka hatua ya kwanza hupata mabaka, na mabaka hayo hayaondoki.

Tanini haihitaji kununuliwa ghali. Imo katika majani ya mpera, maganda ya komamanga na majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Gome la mwati, mti unaopandwa Njombe kwa ajili hiyo hiyo, lina tanini nyingi. Gome la mikoko nalo linayo, lakini hapo pana katazo: misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali, na kuvuna bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka shina lote hufa.

Baadhi ya mafundi hutia misumari yenye kutu ili kupata kijivu au nyeusi. Tanini na chuma hutoa weusi mzuri kweli. Mafundi wa Mali hufanya vivyo hivyo kwa majani na matope katika vitambaa vya bogolan. Ila chuma kikizidi huichochea oksijeni ile ile iliyokuwa ikizuiwa, na baada ya miaka uzi huwa dhaifu na kuchanika. Kiasi kidogo kinatosha. Mrututu, ambao pia hushikisha rangi, ni sumu kwa samaki na haufai kabisa kwa kazi ya nyumbani. Sufuria za rangi zisirudi jikoni, na maji yaliyotumika yasimwagwe karibu na kisima wala kwenye mfereji.

Viwandani, uimara wa rangi hupimwa kwa kuilinganisha na vipande vya sufu ya buluu vyenye namba 1 hadi 8. Kikundi kinaweza kuanza na kipimo cha bure. Kipande cha kitambaa hufunikwa nusu kwa kadibodi, huwekwa juani kwa majuma mawili, kisha nusu hizo mbili hulinganishwa. Kipande cha pili hufuliwa mara kumi kwa sabuni ya kawaida. Vipande hivyo vikibandikwa daftarini pamoja na tarehe na vipimo vya dawa, mteja huonyeshwa jambo la kweli badala ya kuahidiwa.

Daftari hilo lina manufaa pia mbele ya ofisi ya kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, na andiko la mradi hueleweka zaidi likiambatana na sampuli zilizopimwa na hesabu ya gharama ya kila mita. Mafunzo ya ujasiriamali mdogo hutolewa na SIDO, na utaratibu wa alama ya ubora huulizwa katika Shirika la Viwango Tanzania.