Kamera ndani ya kamyo: mashofere wanasema nini, na sisi nyumbani tufanye nini



Likelemba yetu ya juma lililopita ilifanyika kwenye parsele ya mwenzetu ambaye bwana yake anaendesha kamyo ya shaba. Kwa kawaida mama huyu ndiye anayetuchekesha. Siku ile hakucheka. Bwana yake alikuwa amepewa barua ya onyo kazini: kamera iliyo ndani ya kamyo ilimwona ameshika simu sikioni huku anaendesha. Barua nyingine kama ile, kazi imekwisha. Walipoangalia siku na saa iliyoandikwa, wakakuta aliyempigia simu ni yeye mwenyewe mama. Alikuwa anauliza feza za masomo ya mtoto.

Akatuuliza: sasa kosa ni la nani? Hakuna aliyemjibu upesi. Mimi ni mwalimu, sijui kuendesha hata moto. Lakini swali lile lilinifuata mpaka darasani, kwa sababu watoto wengi ninaowafundisha ni watoto wa mashofere. Kwa hiyo juma lote nilienda kuwauliza wenye kazi yao: wengine pale wanapotengenezea matairi kando ya barabara, wengine baada ya ibada.

Wa kwanza ni kijana, bado hajaoa. Yeye kamera haipendi kabisa. Anasema kabini ndiyo nyumba yake. Humo anakula, anabadili nguo, anasali, analala. Mtu gani anapenda jicho la shefu wake ndani ya chumba chake cha kulala? Anaona kamera imewekwa kwa sababu kampani haimwamini.

Wa pili ni baba mzee, anajua kila shimo la barabara kutoka hapa mpaka Lubumbashi. Malalamiko yake ni kwamba kamera inapiga kelele bure. Akivaa miwani ya jua, inalia. Akigeuka sana kuangalia kioo cha pembeni, inalia. Ikisha kulia mara kumi bila sababu, mtu anatafuta kipande cha kitambaa cha kuifunika. Nilidhani amemaliza. Kisha akashusha sauti. Usiku mmoja, karibu na Fungurume, ilipolia alikuta magurudumu ya kuume yako kwenye changarawe, na hakumbuki kilomita ya mwisho aliyopita. Ofisini hakumwambia mtu. Nyumbani pia hakusema, ili mama wa watoto asiogope.

Wa tatu anakwenda mbali, kupitia Kasumbalesa na Zambia, halafu Tunduma, mpaka Dar es Salaam. Huyu hana ugomvi na kamera. Ugomvi wake ni na saa. Kwenye mstari wa Kasumbalesa analala jicho moja wazi kwa ajili ya wezi wa mafuta na wa mizigo. Anaweza kukaa hapo siku kadhaa. Akisha kuvuka tu, simu ya ofisi inalia: umefika wapi? Na kwa kuwa analipwa kwa safari, yeye mwenyewe pia anataka kukimbia. Alinipa neno ambalo sijalisahau: kamera inahesabu macho yangu yakifumba, lakini siku nilizokosa kulala haizihesabu.

Sasa tuelewe chombo chenyewe. Kamera hizi zinatazama uso wa shofere kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, ndiyo maana zinafanya kazi hata usiku. Zinapima kope zimefumba kwa muda gani, kichwa kimeelekea wapi, na kama mkono una simu. Kope zikikaa chini kupita muda uliowekwa, mlio unatoka, na katika kamyo nyingine kiti kinatetemeka. Aina nyingi zinatuma pia kipande cha picha ofisini. Migodi mikubwa ya nchi nyingi inazitumia kwa miaka sasa kwenye kamyo za kubeba mawe.

Kwa nini muda mfupi hivyo una maana? Fanyeni hesabu pamoja nami, kama ninavyowafanyisha watoto wa darasa la sita. Kamyo inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Shofere akisinzia sekunde 3 tu, kamyo imekwenda mita 50 bila mtu. Ndani ya mita 50 kuna mama na beseni lake la mkaa, kuna watoto wanaotoka masomo, kuna taksibisi imesimama kupakia watu.

Na mizigo ya barabara yetu si mikate. Tarehe 20 Februari 2019, kamyo iliyobeba asidi iligongana na taksibisi karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Kolwezi na Lubumbashi. Karibu watu 20 walikufa. Sisemi sababu ilikuwa usingizi. Nakumbusha tu kosa dogo linaweza kuzaa kitu gani kwenye barabara hii.

Wataalamu wa usingizi wamepima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anakuwa mzito kama mtu aliyekunywa pombe. Hatari inazidi kati ya usiku wa manane na alfajiri, na tena kidogo baada ya chakula cha mchana. Kufungua dirisha, kupandisha redio, kutafuna kitu, hayo yanadanganya usingizi dakika chache tu. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama na kulala. Hata dakika 20 zinafaa. Ukinywa kikombe cha kahawa kabla tu ya kulala hizo dakika 20, kahawa inaanza kufanya kazi wakati unaamka. Lakini hilo ni la kukufikisha mahali pa kulala vizuri. Deni la usingizi linalipwa kwa usingizi.

Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na chombo cha kumwonya mwendeshaji anayesinzia. Sheria hiyo hiyo inakataza chombo hicho kuweka habari za mtu kupita zinazohitajika, au kuwapa watu wengine. Na tangu zamani, shofere wa kamyo huko anapaswa kupumzika dakika 45 akisha kuendesha saa 4 na nusu, na kwa siku asipite saa 9, au 10 mara mbili tu kwa juma. Maana yake, kule chombo kimekuta saa za mapumziko ziko tayari. Hicho ndicho mashofere wetu wanachokosa. Kijana yule anayechukia kamera na baba mzee aliyeokolewa nayo wote wana haki. Kamera inamwamsha mtu, haiwezi kumlaza.

Kwa hiyo wenye kampani wana lao la kujibu, na mashofere wanaweza kuliuliza wakiwa pamoja kupitia sendika: saa ngapi za kuendesha, wapi pa kulala salama, nani anaangalia picha, zinawekwa siku ngapi, na je, kamera inazimika shofere akisha kusimama kulala? Haya ni maswali ya haki. Kufunika kamera kwa kitambaa si jibu, sababu usiku ule wa Fungurume kitambaa kingekuwa kaburi.

Na sisi wamama tuna letu. Katika likelemba tulikubaliana mambo matatu.

La kwanza, hatupigi simu kwa mtu aliye njiani. Tunaandika ujumbe, naye atatupigia akisha kusimama. Kama kuna ugonjwa au kifo, tunapiga mara mbili na kukata: hiyo ni alama, atafute mahali pa kusimama. Kila nyumba ipatane na shofere wake mapema.

La pili, bwana akirudi, alale kwanza. Madeni, malipo ya masomo, ugomvi wa shemeji, vyote vitamkuta akiamka. Bukari na sombe atakula, kisha mlango ufungwe.

La tatu, tumuulize alilala saa ngapi kabla ya kumuuliza ameleta nini.

Mwenzetu yule bwana yake alirudi Jumapili akiwa amechoka sana. Watoto wake wanne walikuja kwangu na mpira wao, wakafanya kelele mchana wote kwenye parsele yangu. Jioni nikamwuliza mama: bado analala? Akajibu: bado, Mwalimu, na barua ya onyo nimeiweka chini ya Biblia, tutaizungumza kesho.