Mashine ya gemu: ipi tununue kwa mchango wetu?

Mwezi huu tunaongea habari ya mashine za gemu. Wengine mtasema, hawa walimu wamekosa la kuandika? Subirini kidogo. Familia zetu zilizotoka Rongui zimeanza kuchangishana ili watoto wapate mashine moja ya pamoja. Hela hiyo ni ya samaki, ya vibarua, na ya ndugu wanaotukumbuka kutoka mbali. Tukinunua kitu kibovu, hakuna mchango wa pili. Ndiyo maana sisi walimu wa kujitolea tumekaa chini tukalinganisha kabla hela haijatoka mfukoni.

Vijana wanabishana kila jioni. Huyu anataka PlayStation, yule Xbox, mwingine Nintendo. Ubishi wao wote ni picha: ipi inaonyesha uwanja vizuri zaidi. Sisi tunauliza mambo matatu tu. Inakula umeme kiasi gani? Gemu zake zinapatikanaje? Na ikiharibika, nani ataitengeneza?

Umeme kwanza

Hapa kambini tunategemea sola na betri, na siku tukirudi Rongui itakuwa hivyo hivyo. Basi pigeni hesabu pamoja nasi. Betri ya volti 12 yenye alama ya 100 Ah inabeba wati-saa 1200. Betri ya asidi haitakiwi kuishiwa kupita nusu, la sivyo inakufa mapema, kwa hiyo tunabaki na 600. PlayStation 2 ile nyembamba haifiki wati 50. Ongeza televisheni ndogo bapa, wati 30 hivi, na inveta nayo inakula ya kwake. Tuseme jumla ni wati 100. Gawanya 600 kwa 100, watoto wanacheza saa 6.

Sasa tazama PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020. Ikicheza gemu kubwa, yenyewe peke yake inafika wati 200. Ukiweka televisheni na inveta, betri ile ile inakwisha baada ya saa mbili na kitu. Nusu ya watoto hawajapata hata zamu! Nintendo Switch ya mwaka 2017 inakula kidogo kuliko hizo, maana ina betri na kioo chake ndani. Lakini kioo hicho ni kidogo, watoto watatu wakiinama wa nne haoni kitu, mpaka uiunganishe na televisheni.

Gemu zitatoka wapi?

Hapa wengi hudanganyika. Xbox Series S, ya mwaka 2020 pia, haina mahali pa kuingiza diski. Gemu zake zote hushushwa kwa intaneti, na gemu moja ya mpira yaweza kupita GB 30. Kwa bando zetu hizi za simu, nani ataweza? PlayStation 5 nayo iko ya aina mbili, yenye mlango wa diski na isiyo nao. Angalieni kabla ya kulipa.

PlayStation 2 inatumia diski, unaweka unacheza. Ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, ikaacha kutengenezwa mwaka 2013, na zilizouzwa duniani zimepita milioni 150. Hakuna mashine ya gemu ya nyumbani iliyouzwa kuliko hiyo. Kwa sababu hiyo pedi, diski na vipuri vyake vya mitumba bado vinazunguka. Ubaya wake ni uzee. FIFA yake ya mwisho ni FIFA 14, ya mwaka 2013, Messi bado yuko Barcelona na Ronaldo yuko Real Madrid. Vijana watanuna kidogo, lakini mpira utachezwa.

Joto na bandia

Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, nyingi zilikufa zikiwasha taa nyekundu. Mwaka 2007 Microsoft ililazimika kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo na kuongeza muda wa waranti. Sasa mashine yoyote chini ya turubai letu saa saba mchana, na vumbi hili, itapata taabu. Iwekwe mezani, matundu ya hewa wazi, isifunikwe kitambaa ikiwa inawaka.

Tena jihadharini na PolyStation. Someni herufi vizuri, siyo PlayStation. Kwa nje zinafanana, ndani ni ufundi wa mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, na haisomi diski. Mkiwa dukani mwambieni muuzaji awashe mbele yenu. Chezeni nusu saa na diski mbili tofauti, jaribuni pedi zote mbili, hifadhini gemu kwenye memori kadi, zimeni, washeni tena muone kama imekumbuka. Na risiti msiiache.

Maoni yetu

Sisi tunaona ile PlayStation 2 nyembamba inatosha, na hela itakayobaki iende kwenye betri. Wazee wanasema gemu si chakula, na wamesema kweli. Nyumba isiyo na unga isidaiwe mchango, na mtoto wake acheze kama wengine. Lakini wazee wetu, tangu Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wako watoto waliokua wakisikia habari za kukimbia tu. Jioni moja ya kucheka na wenzao si kitu kidogo.

Tunapendekeza ichezwe baada ya masomo, wasichana wapate siku zao, na zamu ziandikwe kwenye daftari. Bado halijaamuliwa moja: mashine ilale nyumba ya nani? Hilo ni lenu, akina mama na akina baba. Leteni majibu darasani kabla ya mwisho wa mwezi. Tukutane toleo lijalo, inshallah.