Virusi vya Muhogo na Undugu Wao na Hamira

Muhogo wa Kisarawe au Kibaha unaweza kustawi ukavutia macho, huku majani yakiwa na umanjano kidogo tu kandokando ya vishipa. Balaa liko chini. Ukiung'oa na kuukata, ndani umejaa mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia, ulioelezwa na H. H. Storey huko Amani, Tanga, mwaka 1936.

Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha mfuatano kamili wa virusi vya ugonjwa huo kutoka Muleba, katika kanda ya ziwa: uzi wa RNA wenye herufi 9,069. Karibu na mwisho palikuwa na jeni ambalo hakuna aliyelitarajia. Kompyuta ilipolilinganisha na protini zinazojulikana, ndugu yake akaonekana: HAM1, protini iliyomo hata kwenye hamira.

Kompyuta inajuaje? Hupanga mifuatano miwili sambamba na kuacha nafasi pale herufi zilipodondoka, hesabu ambayo Needleman na Wunsch waliianzisha mwaka 1970. Asidi amino, yaani herufi za protini, zikilingana, alama hupanda. Leusini ikigeuka isoleusini, alama hupungua kidogo tu kwa kuwa kikemia zinakaribiana. Ikigeuka lisini, adhabu ni kubwa. Kisha huja swali la msingi: je, alama hizo zingepatikana kwa bahati tu? Kama ni vigumu mno, mifuatano hiyo ina babu mmoja.

Ila undugu hauthibitishi kazi. HAM1 huvunja vijenzi vibovu vya jeni, hivyo ilidhaniwa kwamba ile ya virusi inavikinga dhidi ya makosa ya kunakili. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kweli inavunja vijenzi hivyo, lakini pia inachangia kufa kwa tishu za mmea. Hilo lilihitaji maabara.

Ulinganisho huohuo ulifichua kwamba adui si mmoja. Virusi vya kanda ya ziwa na vya pwani vilifanana kwa takriban asilimia 70, wakati mpaka wa spishi katika familia yao ni asilimia 76. Kwa vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kama cha Kibaha, kunakofanyika utafiti wa muhogo, tofauti hiyo ni nzito: kipimo kilichoundwa kwa herufi za spishi moja kinaweza kuikosa nyingine, na pingili zenye ugonjwa zikagawiwa kama mbegu safi. Mwaka 2015 Joseph Ndunguru na wenzake walichapisha jenomu nyingine 12, wakaona huenda spishi zinazidi mbili. Vipimo navyo havina budi kukaguliwa upya kila mifuatano mipya inapoongezeka.